Kabla ya kuchora protoni, vingirisha gololi

Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Uyole. Miaka ya mwanzo nilichora duara ubaoni, nikasema ni protoni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu; nikatia vidoti vitatu ndani, nikasema hizo ni kwaki, chembe zinazounda protoni. Wanafunzi wakanakili. Siku moja binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani aliziona?" Jibu nililompa halikumtosha, wala mimi halikunitosha.

Tangu siku ile nawashauri walimu wenzangu, na yeyote anayejisomea: acheni mchoro kwanza. Ficheni kopo chini ya ubao ulioinuliwa kwa matofali, kwenye njia yenye upana wa sentimita 60. Vingirisheni gololi 200 bila kulenga, mhesabu zinazogonga. Sisi zilitugongea 40, yaani moja katika kila tano, na moja ya tano ya 60 ni 12. Tukatoa unene wa gololi, 1.6, tukabaki na 10.4. Tulipofunua, rula ikasoma 10. Darasa zima lilisimama!

Hapo msikimbie. Waulizeni wanafunzi kwa nini tumetoa unene wa gololi. Kipimio kikiwa kinene, ukubwa wake unaingia kwenye jibu, na ndiyo sababu elektroni, ambazo ndizo gololi za kupimia protoni, huongezewa nishati: nishati ikipanda, urefu wa wimbi lake hupungua. Katikati ya miaka ya 1950, Robert Hofstadter wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alizirusha kwenye haidrojeni zikiwa na nishati ya karibu elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 200. Zilizokengeuka kwa pembe kubwa zilikuwa chache kuliko ambavyo zingekuwa kama protoni ingekuwa nukta tupu. Kwa hiyo chaji yake imetandaa. Leo nusu kipenyo chake kinakadiriwa kuwa femtomita 0.84 (femtomita ni mita moja ikigawanywa mara milioni bilioni). Hofstadter alipata Nobeli mwaka 1961.

Kwa sehemu inayofuata mimi huwapeleka kwa mfano wa bambo la wauza mchele wa Mwanjelwa. Ukipapasa gunia kwa kiganja, utajua ukubwa wake tu. Bambo likizama ndani likagota, unajua kuna jiwe. Kuanzia 1967, kwenye mtambo wa SLAC, maabara ya kuongeza kasi ya elektroni huko Stanford, wenye urefu wa kilomita 3, elektroni za hadi elektroni-volti bilioni 20 zilipigwa kwenye protoni. Safari hii zilizokengeuka kwa pembe kubwa zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa kwa kitu laini kilichotandaa. Ziligota kwenye vitu vidogo mno vilivyomo ndani, na vikaja kutambuliwa kuwa ndizo kwaki. Friedman, Kendall na Taylor, walioongoza majaribio hayo, walitunukiwa Nobeli mwaka 1990. Vidoti vyangu vitatu sasa navichora hapa, si mapema.

Tengeni vipindi viwili, na msipunguze gololi. Kwa gololi 20 tu, kundi moja lilipata sentimita 18 na jingine 6, kabla hata ya kutoa unene, kwa kopo lile lile. Maabara za elektroni nazo huhesabu kwa wiki na miezi kwa sababu hiyo hiyo.