Mto Umerudi Kwenye Mkondo Wake, Nyumba Imejaa Tope

SWALI: Ndugu Mhariri, mto unaopita katikati ya jiji letu ulifurika usiku, na maji yakaingia ndani hadi usawa wa magoti. Sasa yamepungua, na mume wangu anataka turudi leo, tuwashe umeme na kuanza kusafisha. Je, ni salama?

JIBU: Pole sana, dada, wewe na familia yako. Mwaweza kurudi mchana iwapo mamlaka zimeruhusu, lakini umeme usiwashwe, hata kwa kujaribu tu, hadi fundi akague nyaya, soketi na swichi kuu, kwa kuwa unyevu hubaki ndani ya kuta muda mrefu baada ya sakafu kukauka. Njiani msivuke maji yanayokwenda kasi. Kina cha sentimita 15 tu chaweza kumwangusha mtu mzima.

Tope ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mafuriko ya mjini hubeba kinyesi, mafuta na mkojo wa panya, ambao waweza kuleta ugonjwa wa leptospirosisi kupitia hata mikwaruzo midogo ya ngozi. Kwa hiyo vaeni mabuti na glavu za mpira, na watoto wakae mbali kwanza. Unga, mchele na vyakula vingine vilivyolowa vitupwe, na maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa angalau dakika 1. Godoro nalo, ingawa najua inauma kulitupa, halisafishiki. Pigeni picha za hasara kabla ya kutoa chochote, kisha fungueni madirisha yote, maana kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48.