Mtalala wapi?

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa peke yangu barazani. Unasema wewe na mwenzako hapo La Rochelle, Ufaransa, mmepata katamarani iliyotumika, mita 6, haina chumba, ni mitumbwi miwili na wavu katikati, na mnataka kuvuka nayo Atlantiki Januari, kutoka Visiwa vya Kanari hadi Martinique, kisiwa cha Karibiani. Ukaniuliza, "Baba, chombo kama hicho kweli kinafika?"

Kinafika. Sitakudanganya ili nikuzuie. Yvan Bourgnon, yule Mswisi uliyeniletea habari zake, aliondoka Ufaransa Oktoba 2013 na katamarani ya mita 6 na kidogo, wazi kabisa, akazunguka dunia, sehemu kubwa peke yake, akarudi Juni 2015. Kaka yake Laurent alikwisha kuivuka Atlantiki mwaka 1986, yeye na mwenzake, kwa katamarani ya futi 18 ya kuchezea pwani. Kwa hiyo kufika hatubishani. Ila rudia kuisoma safari ya Yvan uone chombo chake kilivunjika wapi: kwenye miamba ya Sri Lanka, 2014. Bahari kuu ilimpitisha, ufukwe ndio uliomvunja, ikabidi chombo kijengwe upya ndipo aendelee. Mkikaribia Martinique mmechoka na mnaona taa za nchi kavu, hapo ndipo macho yawe manne.

Lakini mimi ninayo maswali mawili ambayo hukuyagusa. Maji ya kunywa mtayaweka wapi, na mtalala wapi?

Tupige hesabu. Safari ni kama maili 2,700 za baharini. Mkienda vizuri, maili 130 kwa siku, ni siku 21. Weka na za akiba ziwe 30. Lita 3 kwa kila mmoja kwa siku, mko wawili: lita 180. Hizo ni kilo 180, na umesema chombo chenyewe kina kilo 200 na kitu. Hapo hujapakia chakula, nanga, nguo, wala nyinyi wenyewe. Katamarani inaponea wepesi wake. Ukiilemeza, mitumbwi inakaa chini na omo, yaani pua ya chombo, linakosa nguvu ya kupanda. Huko upepo utakuwa nyuma yenu, nao hauchoki. Mtashuka mgongo wa wimbi kwa kasi, omo lichome wimbi la mbele, tezi, yaani nyuma yake, inyanyuke, na chombo kizima kitangulize kichwa.

Hili silisemi kwa kusoma. Nilikuwa na miaka 16, upepo wa Kusi umepamba moto, mimi na babu yako tunatoka Mkokotoni kurudi Nungwi na ngalawa. Tulikuwa tumechukua saruji ya msikiti. Babu alisema mifuko mitatu. Alipokwenda kuswali adhuhuri niliongeza miwili, nikaisukuma mbele omoni chini ya turubai, nikiona nawasaidia wazee wasirudie safari. Tulipotoka kwenye kivuli cha kisiwa cha Tumbatu, wimbi likatubeba. Niliona omo linainama taratibu, kama mtu anayechota maji kwa kata, kisha halikuinuka. Mrengu, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, wa upande wa chini ya upepo ukakatika, nilisikia mlio wake, na maji yakawa kifuani. Babu hakupiga kelele. Alinishika ukosi, akaniambia, "Shika mti, usiuachie." Tuliushika huo mti mpaka karibu na magharibi, mashua ya watu wa Tumbatu ikatuokota. Alijua mimi ndiye niliyeongeza mifuko ile, maana alikuwa ameihesabu mwenyewe. Mpaka anakufa hakuniuliza.

Ngalawa yetu ilijaa maji lakini ilibaki imekaa. Katamarani ikipinduka inalala chali, mlingoti chini, na imeridhika kukaa hivyo. Ikiwa tupu, karibu na pwani, watu wawili wanaigeuza kwa kamba. Ikiwa na mzigo, usiku, katikati ya mawimbi ya mita 3, msitegemee.

Wenye elimu hiyo kuliko sote ni watu wa Pasifiki. Mwaka 1976 chombo chao Hōkūleʻa, mitumbwi miwili ya futi 62 iliyounganishwa, kilitoka Hawaii mpaka Tahiti bila dira, kikiongozwa na Mau Piailug kwa nyota na mawimbi. Machi 1978 kikaondoka tena, kimesheheni, upepo mkali, na usiku ule ule kikapinduka. Kijana mmoja, Eddie Aikau, muokoaji hodari wa watu baharini pale kwao, akachukua ubao wake wa kutelezea mawimbi akaenda kutafuta msaada. Hakuonekana tena. Waliobaki wameshikilia chombo waliokolewa. Namheshimu sana kijana yule, alikwenda kwa ajili ya wenziwe. Wewe usiende. Shika mti.

Sasa usingizi. Melini tulikuwa na zamu ya saa 4, kisha saa 8 za kupumzika, kitanda kikavu. Nyinyi mtalala juu ya wavu, maji yanawarukia kutoka chini, chumvi inakaukia kwenye nguo, na kabla wiki haijaisha mtakuwa na vidonda makalioni. Mtu aliyekosa usingizi siku tano si yule uliyeondoka naye. Anaona upepo unazidi, anajua tanga linatakiwa kupunguzwa, anasema ngoja kidogo. Hiyo ngoja kidogo ndiyo naiogopa kuliko dhoruba. Na mkiwa mmelemewa na mzigo haiwapi hata nafasi ya kujuta.

Januari ni sawa, vimbunga vya huko ni Juni hadi Novemba. Tafuteni pampu ya mkono ya kuchuja chumvi ili maji mnayobeba yapungue nusu, na mzigo ukae kati na nyuma, usiende omoni hata kilo moja. Kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kifungwe mwilini mwako, kisifungwe kwenye chombo. Na kamba kiunoni usiku na mchana, hata ukienda haja.

Kabla hamjalipa, mwombeni mwenye chombo awaazime siku tatu. Kipakieni maji yote, lita kwa lita, mkalale juu yake baharini usiku wa siku zote tatu, kwa zamu, hapo hapo nje ya La Rochelle, palipo na watu wa kuwaokoa. Asubuhi ya nne nipigie kabla hujalala kitandani. Nataka kuisikia sauti yako ikiwa bado na uchovu, halafu ndipo uniulize tena, nami nitakujibu.

Mama yako sijamwambia. Anajua umetuma ujumbe, ameniuliza mara mbili unasemaje, nimesema unatusalimu. Hilo lililobaki mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Baba yako