Waifai imeshika vizuri, intaneti haipo: nianzie wapi?

Swali: Simu na kompyuta zetu zinaonyesha waifai imeshika na alama zimejaa, lakini kurasa hazifunguki. Nikiizima ruta na kuiwasha, intaneti inarudi kwa muda, kisha inakatika tena. Jirani ananishauri nibonyeze kile kitufe kilicho ndani ya tundu ili ruta irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nifanye hivyo?

Jibu: Usikibonyeze kwanza, tafadhali. Kitufe hicho hufuta kila kilichowekwa ndani ya ruta: jina la waifai, nywila na, kwa baadhi ya huduma, jina la mtumiaji na nywila ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwa mtoa huduma. Vikifutika nawe hukuviandika popote, hata hiyo intaneti inayokuja na kuondoka utaikosa mpaka mtoa huduma akupe upya. Kama ipo siku utalazimika kukibonyeza, piga picha kurasa za mipangilio kabla.

Alama za waifai hupima jambo moja tu, nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na ruta. Alama hizo hazijui habari za njia inayotoka kwenye ruta kwenda nje. Kwa hiyo tutafute kwanza mahali njia ilipokatika. Subiri intaneti ipotee, uiache ruta ikiwa inawaka, uzime data ya simu, halafu uandike kwenye kivinjari anwani ya ruta yenyewe. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utaikuta kwenye kibandiko chini ya ruta. Ukurasa wake ukifunguka, kifaa chako na ruta vinaelewana, basi tatizo liko kuanzia kwenye ruta kwenda nje. Usipofunguka, tazama anwani ya IP iliyo kwenye kompyuta, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, ikakosa wa kuipa, ikajipangia yenyewe.

Tuseme ukurasa umefunguka. Kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri (Command Prompt au Terminal), uandike: ping 8.8.8.8. Amri hiyo huiita seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti, uone kama itajibu. Ikijibu ilhali tovuti bado hazifunguki, intaneti unayo. Kilichokwama huenda ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya DNS, uweke 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Lakini kama ile seva haikuijibu ping, geukia taa za ruta. Kwenye kifaa cha faiba, taa ya LOS (ya kuonya kwamba mwanga unaobeba intaneti umepotea) ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekunjwa mno, kiunganishi kimelegea au faiba imekatika huko nje. Hakuna mpangilio utakaoponya hilo. Usichungulie ncha ya waya wa faiba, kwani leza yake haionekani kwa macho na inaweza kuyadhuru.

Maelezo yako yana dalili moja ninayoipa uzito kuliko zote: intaneti inarudi ukiiwasha ruta, halafu inakatika. Fungua ukurasa wa ruta utafute muda ambao imekuwa ikiwaka bila kuzimwa. Ukisoma dakika chache na hakuna aliyeizima wala umeme haukukatika, ruta inajizima na kujiwasha yenyewe. Hapo mimi huanza na adapta. Adapta iliyochoka huwasha taa zote kama kawaida, lakini kazi ikizidi, watu wengi wakitazama video kwa pamoja, umeme wake hushuka na ruta huanguka. Ukinunua nyingine, volti zilingane kabisa na za ile ya zamani, ampea zisipungue, na mpangilio wa chanya na hasi kwenye ncha uwe uleule. Gusa na ruta yenyewe. Kama imefichwa kabatini au imelala juu ya kifaa kinachopata moto, itoe ipate hewa. Joto nalo huifanya igande. Halafu uangalie kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la programu ya ruta.

Muda huo ukiwa mrefu, ruta haikuzimika. Kilichokatika ni muunganisho wake na nje. Kuzima na kuwasha kulikusaidia kwa sababu kunailazimisha iombe muunganisho upya. Ruta nyingi huweka kumbukumbu za matukio: nakili saa ambazo muunganisho ulikatika, kwa siku mbili au tatu. Ukipiga simu kwa mtoa huduma, anza na saa hizo, umweleze kwamba ruta ilikuwa inawaka muda wote na ukurasa wake ulifunguka. Kama ni faiba, mwombe apime nguvu ya mwanga unaofika kwenye kifaa chako. Kipimo hicho mara nyingi anaweza kukisoma akiwa ofisini kwake, kabla ya kumtuma fundi.