Lundo nisilolipindua: mboji ya kuvu kwa miparachichi

Hapa Njombe vumbi la mbao halinunuliwi. Kila panapopasuliwa misonobari pana kilima chake, na mara nyingi kilima chenyewe kinafuka moshi wiki nzima kwa sababu mwenye mashine anataka nafasi. Nilipopanda miparachichi nikaona nimeokota mali. Nikabeba tripu tatu, nikachanganya na samadi ya ng'ombe ndoo kwa ndoo, nikawa napindua kila wiki. Baada ya miezi minane vumbi lilikuwa bado vumbi. Kwa ukaidi nikalifukia hivyohivyo kwenye mashimo ya miche, na majani yakaanza kuwa manjano.

Mzee jirani alisimama akatazama, akaniambia: "Mwanangu, hapa umepika ugali bila mboga."

Alilenga penyewe. Wanaokula lundo ni vijidudu: kaboni ndiyo ugali wao, naitrojeni ndiyo mboga. Wakiikosa ndani ya vumbi wanaichota kwenye udongo, na mche unalala njaa. Vumbi la mbao lina kaboni kama 400 kwa naitrojeni 1, ingawa mti na mti hutofautiana. Mabua ya mahindi ni kama 60, samadi ya ng'ombe kama 20, mbolea ya kuku kama 10. Ndoo kwa ndoo, basi, nilikuwa najidanganya.

Siku hizi natumia mizani. Kilo 10 za vumbi kavu zina kaboni kilo 5 hivi, na naitrojeni gramu 12 tu na nusu. Kilo 1 ya mbolea kavu ya kuku ina kaboni kama gramu 350 na naitrojeni kama gramu 35. Nikitaka 40 kwa 1, hizo kilo 10 zinadai mbolea ya kuku kilo 4 na robo. Pima vitu vikiwa vikavu, maana maji yanaongeza uzito bure. Na kama kuku wanalalia maranda, ongeza kidogo, kwa kuwa hapo umeshapewa kaboni nyingine ndani yake.

Mtaalamu atakuuliza kwa nini 40, wakati tumezoea kuambiwa 25 hadi 30. Kwa bustani ya mchicha mimi pia nafuata 30: bakteria wanafanya kazi haraka na mboga zinapenda hivyo. Mti una tabia nyingine. Mizizi yake imezoea udongo wa chini ya majani na matawi yanayooza, na huko fundi ni kuvu, kwa sababu ndiye hasa anayeweza kuvunja ule ugumu wa mbao. Kuvu huishi kwa nyuzi, na kila nilipotia uma kupindua nilikuwa nazikata. Ile bidii yangu ya kila wiki nayo iliniponza.

Shida ni kwamba lundo lisilopinduliwa hukosa hewa, hasa la vumbi, maana linashindiliwa kama unga. Kwa hiyo vumbi halizidi theluthi moja ya lundo. Kilichobaki ni mabua yaliyokatwakatwa na majani makavu ya mti wa mgrivea, na hesabu ya mbolea ya kuku inashuka maana hayo hayana njaa ya naitrojeni kama vumbi. Nasimika mianzi minene, hii ya pombe ya ulanzi, ili pasiwe na sehemu iliyo mbali na hewa zaidi ya sentimita 30. Baada ya siku mbili naing'oa. Matundu hubaki wazi.

Unyevu usikosekane: ukikamua konzi moja yatoke matone machache. Wiki za kwanza lundo litachemka, likipita nyuzi 60 usishangae. Ukiona unga wa kijivujivu kama majivu, usifanye sherehe kama nilivyofanya mimi. Hao ni jamii ya bakteria wanaofanana na kuvu, na wakizagaa hivyo ujue lundo ni moto na limekauka. Mwagilia. Kuvu wenyewe wanakuja likishapoa, nyuzi nyeupe zinazoshika majani pamoja, na hapo natia minyoo ya udongo na konzi chache za majani yaliyooza chini ya migrivea yangu ya zamani.

Kuna hasara moja: pembeni hapapati joto, kwa hiyo magugu yenye mbegu usiyatie kabisa. Na funika pua unapogusa lundo kavu, vumbi la kuvu si la kuvuta.

Linachukua karibu mwaka. Likiwa tayari linanuka kama msituni baada ya mvua, na ukilifinyanga linashikana. Sifukii tena. Naweka debe moja kwa kila mti, kuzunguka pale kivuli cha matawi kinapoishia, mbali na shina, kisha nafunika kwa nyasi kavu. Lundo la mwaka huu lina miezi mitano, na jana nimekuta uyoga mdogo wa kahawia kwenye tundu la tatu.