Re: Nianze na rekodi gani ya Bikini Kill?
Mkuu, umeuliza uanze na rekodi ipi ya Bikini Kill, ile bendi ya punk ya Marekani, mi nakwambia anza na ile EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya 1992 yenye jina la bendi yenyewe, nyimbo 6 tu, unamaliza hata chai haijapoa. Nyingi walirekodi na Ian MacKaye wa bendi nyingine ya punk, Fugazi, na saundi wakaiacha mbichi hivohivo. Sikiliza sana wimbo wa Feels Blind, besi inatangulia taratibu halafu muimbaji wao Kathleen Hanna anapandisha sauti mpaka mwili unasisimka aisee. Ndo haohao kwenye shoo walikuwa wanaita wadada wasogee mbele ya steji, maana pale palikuwa pamejaa wanaume wanasukumana na wanawake wanaishia kuumizwa au kukaa nyuma. Albamu zilizofuata nazo kali ila hasira ya hii EP haina mpinzani.