Ukirudisha Kinjeketile jukwaani, kakae na watazamaji

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitafuta, kikundi chao kinataka kuirudisha jukwaani Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, akawa anaulizia mavazi na taa. Nikamwambia mdogo wangu mavazi mtashona na taa mtaazima, wewe niulize kuhusu watu watakaokuja kukaa kwenye viti. Sisi tulipoirudisha hapa Dar tulifanya mazoezi miezi miwili na nilijiona naijua ile tamthilia nje ndani, kumbe kilichokuja kunifundisha ni zile shoo zenyewe, na usiku wa kwanza nilirudi nyumbani roho imeniuma kweli.

Kuna pale Kinjeketile, yule mganga, anatoka mtoni na maji ya Hongo, mzimu wa mtoni, watu wanapata dawa wanaamini risasi za Mjerumani zitageuka maji. Tuliipiga kwa nguvu zetu zote, ngoma, vigelegele, watu wanaruka jukwaa zima linatetemeka. Ukumbi ukacheka. Sio mtu mmoja wawili, ukumbi, vijana wa nyuma ndo walianza halafu kikasambaa mpaka mbele kwa watu wazima. Mimi nipo nyuma ya pazia, nimesimama tu. Tulivyokaa baadaye kila mtu akasema vijana wa siku hizi hawana heshima, wamezoea vichekesho, historia hawaijui. Mimi pia nilisema hivyo, na nilikosea.

Ndo maana kitu cha kwanza namwambia yeyote ni usijifiche nyuma ya pazia. Usiku wa pili nikakata shauri nikakaa safu ya kati kama mtu aliyekuja kutazama, na ukikaa pale unasikia vitu ambavyo kutoka nyuma huvisikii, mtu anavyovuta pumzi, kiti kinavyolia, dada anavyomnong'oneza mwenzake. Kicheko kikaja tena palepale, lakini safari hii nilikuwa nawaona nyuso. Hawakuwa wanadharau historia, walikuwa wanaijua sana! Kila aliyepita shule Tanzania anajua maji hayakuzuia risasi, anajua tangu hajanunua tiketi, sasa sisi tunamwonyesha watu wamechangamka kama wako harusini, hakuna hata mmoja mwenye hofu, hakuna anayesitasita, afanye nini zaidi ya kuwaona wajinga na kuwacheka.

Na wale hawakuwa wajinga, hili naliamini kwa moyo wangu wote. Mtu analimishwa pamba kwa viboko huku shamba lake la chakula linaota majani, mwaka 1905 kule Nandete Umatumbini wakafika mahali wakaing'oa ile pamba, na mtu aliyefika hapo anahitaji kitu cha kumsimamisha mbele ya bunduki bega kwa bega na mtu wa kabila lingine ambaye jana hawakuwa wanaaminiana. Maji ndo yalifanya hiyo kazi. Sasa kama igizo lako halimfanyi mtazamaji aone kwamba hata yeye angeyataka yale maji, tatizo sio mtazamaji.

Tulichobadilisha wala hakikuwa kikubwa. Ngoma tukaitoa kabisa pale. Tukachukua bakuli la bati, tukaweka maji, mafuta ya nyonyo kidogo na punje za mtama, maana ndivyo dawa yenyewe inavyosimuliwa, halafu wapiganaji wakawa wanakuja mmoja mmoja, polepole mpaka inaudhi. Kila mmoja anasimama, anapakwa, anabaki ameangalia mikono yake. Ukumbi unasikia mtama unavyogonga bati, unasikia tone likidondoka kwenye mbao. Wa nne tukamwambia asite, arudi nyuma hatua moja, aangalie njia ya kwao, ndipo aje. Usiku ule hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma yangu alisema "jamani, jamani" kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeona mtoto anakimbilia barabarani.

Ila msije mkadhani kila kicheko ni cha kufukuza. Kuna sehemu watu wanacheka kwa sababu wameumia na hawana pa kuipeleka, utakijua kinavyokatika ghafla, kama mtu kazibwa mdomo. Hicho kiache. Mwigizaji asiharakishe mstari unaofuata ili kukifunika, asubiri, kitaisha chenyewe na ukimya unaokuja baada yake ni mzito kuliko ule ambao ungeulazimisha.

Halafu watu wetu wanajibu, hilo lazima mlifanyie mazoezi. Kitunda, mhusika mwingine wa tamthilia, akiwa anabishana, kuna mtu atapaza sauti kutoka kitini, "mwambie huyo!", na mwigizaji wenu kama hajaandaliwa ataduwaa au vibaya zaidi ataanza kucheza na huyo mtu na mchezo unavunjika. Sisi wiki ya pili tuliwaleta ndugu na marafiki mazoezini tukawaambia semeni chochote mnachotaka, ropokeni. Waigizaji wakajifunza kushika kimya, macho kwa mwenzake, mpaka ukumbi utulie.

Kuna mstari mwingine nawaonya mapema. Kinjeketile akiwa amepandisha Hongo anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na yeye mwenyewe akirudi kwenye akili zake linamtesa hilo neno, tumfukuze bwana mmoja tumpokee mwingine? Kwetu ukumbi uliguna, mguno mrefu, halafu watu wakaanza kuangaliana. Mwigizaji wangu akapenda ile hali, shoo iliyofuata akautamka huku amewatolea watazamaji jicho kama anawakonyeza, na mguno haukuja! Watu wanataka wagundue wenyewe. Ukiwaelekeza siasa kwa kidole wanajifunga.

Kuna na kosa la utangulizi. Tulimweka msimulizi aeleze vita kwanza, 1905 mpaka 1907, Wamatumbi, Wangindo, njaa iliyokuja baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, yote ya kweli na ya muhimu, dakika kumi nzima. Mwanga wa simu ukaanza kuwaka safu hadi safu. Tukamtoa, hayo maelezo tukayabandika ukutani pale mlangoni watu wayasome wakiwa wanasubiri. Wakayasoma vizuri tu.

Mkifanya maongezi baada ya shoo, na fanyeni, atasimama mtu aseme mmepotosha, Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndo kwanza imeanza, iweje kwenu yupo hai mpaka watu wameshashindwa yuko gerezani na Kitunda. Anasema kweli. Usijitetee kwa hasira, mwambie ni kweli, na mwandishi mwenyewe alitanguliza kusema huyu wake ni mtu wa kubuniwa, halafu muulize yeye aliona nini pale gerezani Kinjeketile anapokataa kusema maji ni uongo. Kwetu swali hilo lilifungua ukumbi. Mmoja akasema angekana apone, mwingine akaja juu, wakafika mpaka Novemba 2023 pale Songea, Rais wa Ujerumani alipoomba msamaha, je msamaha unatosha, mabaki ya wazee wetu yaliyoko huko yanarudi lini. Saa nzima, hakuna aliyekuwa anaongelea taa wala mavazi.

Na wape wazee kipaza sauti mapema, vijana watasubiri. Mzee aliyekaa na jambo lake saa mbili akikosa nafasi anaondoka nalo.

Shoo ya mwisho taa zilizimika na hakuna aliyepiga makofi. Waigizaji gizani wakaanza kunong'onezana wamechukia nini, nikawa naomba wasitoke. Baadaye sana makofi yakaja, ya taratibu. Watu walipokuwa wanatoka mzee mmoja wa kutoka Kilwa alipanda jukwaani kwa shida, mjukuu kamshika mkono, akaliendea lile bakuli akachovya vidole viwili. Akaniuliza mwanangu haya maji mmeyatoa wapi. Nikamjibu ya bombani baba. Akatikisa kichwa, akajifuta vidole kwenye kanzu, akasema mkicheza tena mfuate ya Rufiji.

Dumu tumeshanunua, tunasubiri mvua zipungue barabara ipitike.