Bastola nyumbani Texas: sheria inakuruhusu, lakini nyumba yako je?

Ndugu yetu aliyehamia Houston na familia yake ameuliza kama anunue bastola, kwa kuwa wenzake kazini wanamwambia kwamba ni haki yake kikatiba. Ameuliza pia kuhusu mdogo wake aliyeko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Nimeishi Texas muda mrefu, na nionavyo maswali hapa ni mawili: sheria inaruhusu nini, na ndani ya nyumba yako kuna nani.

Kuhusu sheria, wenzako hawajakudanganya. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yapo tangu 1791, na mwaka 2008, katika shauri la Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba yanamlinda raia anayeweka bunduki nyumbani ili kujilinda. Tangu Septemba 2021 Texas haimdai kibali mtu aliyefikisha miaka 21 anayebeba bastola hadharani, mradi sheria haimkatazi kuwa nayo. Nilipomsindikiza shemeji yangu dukani, alijaza fomu, muuzaji akapeleka taarifa zake kwenye mfumo wa FBI, polisi wa shirikisho, unaokagua kama sheria inamkataza mnunuzi kuwa na silaha, na jibu likarudi hata kabla hatujamaliza kuchagua mkoba wa kuitilia. Watu binafsi wakiuziana wenyewe kwa wenyewe, hata ukaguzi huo haulazimiki.

Hoja ya kujilinda siibezi. Mei 2022, katika shule moja ya mji wa Uvalde, hapa Texas, wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa, huku polisi wakichukua dakika 77 kabla ya kumkabili muuaji. Wengi walisema kijana wa miaka 18 hakupaswa kuuziwa bunduki ile. Baadhi ya majirani zangu walisema polisi si wa kutegemewa, wakaenda kuongeza silaha. Kwa yaliyotokea siku ile, siwezi kuwaita wajinga.

Ila mabishano haya huwa yanahusu majambazi tu, wakati takwimu zinasema jingine. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na kati yao 26,328 walijiua. Yaani aliye hatarini zaidi mara nyingi ni mwenye silaha mwenyewe au mtu wa nyumbani mwake, katika kipindi kibaya ambacho huenda kingepita.

Shemeji alipoachishwa kazi akawa halali usingizi wala hazungumzi na watoto, dada yangu alinipigia simu usiku akaniomba niende nikaichukue bastola, iliyokuwa kwenye droo ya kando ya kitanda, chini ya soksi. Niliichukua mbele ya mwenyewe na kwa ridhaa yake, ikakaa kwangu kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa mahali pengine, mpaka alipotulia. Miaka yote aliyokuwa nayo, jambazi hakuwahi kufika pale.

Kwa hiyo, kwa mtu aliyepanga apatimenti na ana watoto, mimi nisingenunua. Ukiamua kununua, anza na sanduku la chuma, na mkubaliane mapema na mkeo ni nani ataitwa kuja kuichukua mambo yakiharibika. Hapa Texas, ni kosa kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bunduki yenye risasi. Watoto wako wakialikwa kucheza kwa jirani, muulize kama ana bunduki na anaiweka wapi; hapa watu wamelizoea swali hilo.

Kuhusu mdogo wako aliyeko kwa viza ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho kwa kawaida haimruhusu kumiliki silaha, isipokuwa kwa misamaha michache. Usimnunulie wewe kwa jina lako, kwani hilo nalo ni kosa la jinai.